Presha ya Utu Uzima, Akili ya Uzeeni

Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walikuwa wakipima akili za wazee kwa vijiti vya kiberiti. Mpimaji akishatoa shikamoo na kukaribishwa kiti, humwonyesha mzee umbo lililopangwa kwa vijiti, kisha humpa vijiti vyake naye ajaribu kulipanga. Humuuliza leo ni siku gani, mwenyekiti wa kijiji ni nani, daraja ni nini. Humsomea maneno kumi ambayo atamwomba ayakumbuke baadaye, na humpa dakika moja ataje wanyama wote anaowajua. Mzee hapewi kalamu wala karatasi. Walioandaa kipimo hicho, kinachoitwa IDEA, walijua kuwa wengi wa waliozaliwa kabla ya uhuru kwenye miteremko ile walikaa darasani muda mfupi au hawakukaa kabisa, na hawakutaka mtu ahesabiwe mgonjwa kwa sababu ya shule aliyoikosa.

Utafiti uliofanyika Hai na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013 ulichunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Baada ya hesabu kurekebishwa kulingana na umri, asilimia 6.4 walikutwa na demensia, ule upungufu wa akili unaofikia kumfanya mtu ashindwe kujiendeshea maisha yake ya kila siku. Kiwango hicho hakiko mbali na kile cha nchi tajiri. Lakini wagonjwa walipogawanywa kwa aina, karibu wanne katika kila kumi walionekana kuwa na demensia inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo. Mwaka huohuo ilichapishwa taarifa nyingine kutoka wilaya hiyohiyo: kati ya wazee 2,223 waliopimwa shinikizo la damu, asilimia 69.9 walikuwa na presha ya kupanda. Wengi wao hawakuwa wakijua, na waliokuwa na presha iliyodhibitiwa kwa dawa walikuwa wachache mno.

Taarifa hizo mbili kwa kawaida husomwa na watu tofauti. Ya kwanza ni ya wataalamu wa magonjwa ya akili na ya wazee, ya pili ni ya madaktari wa moyo. Hoja ya makala haya ni kwamba zinazungumzia ugonjwa mmoja uliotazamwa katika umri tofauti. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee wa akili huanza miaka ishirini au thelathini kabla ya mzee kupotea njia ya kwenda kanisani au msikitini, na huanzia kwenye mishipa.

Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Akiba yake ni ndogo sana. Damu ikikatika kwa dakika chache, seli huanza kufa. Damu hiyo hupanda kwa mishipa minne mikubwa ya shingo, hukutana chini ya ubongo, kisha hugawanyika. Mishipa inayozunguka uso wa ubongo ina bahati ya kusaidiana: mmoja ukiziba, jirani yake anaweza kufikisha kiasi. Mishipa myembamba inayochomoza kutoka kwenye ile mikubwa na kuzama moja kwa moja ndani haina jirani wa kuisaidia. Wachaga wa mlimani, waliochimba mifereji ya kumwagilia mashamba vizazi kabla ya Wajerumani kufika, wanalijua jambo hili bila somo la biolojia: mwenye shamba la mwisho wa mfereji ndiye wa kwanza kuona kwamba maji yamepungua. Katika ubongo, shamba hilo la mwisho ni ile sehemu nyeupe ya ndani, zinakopita nyuzi za neva zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine zote.

Presha ikikaa juu mwaka baada ya mwaka, kuta za mishipa hiyo myembamba hunenepa na kukakamaa, na njia ya damu husinyaa. Mingine huziba kabisa na kuacha tundu dogo ndani ya ubongo, pengine la milimita chache. Mingine huvuja damu kidogokidogo. Mingi zaidi haizibi wala haipasuki, ila hupitisha damu pungufu, na hushindwa kutanuka pale sehemu fulani ya ubongo inapohitaji damu zaidi ili kufikiri. Kisukari huharibu mishipa hiyohiyo kwa njia yake. Sigara nayo, na kolesteroli, na figo zilizochoka. Lakini katika orodha hiyo presha ndiyo yenye watu wengi zaidi, na ndiyo iliyo rahisi kupimwa.

Matundu haya huwa hayaumi. Mtu anayepata kiharusi kikubwa huanguka, mdomo ukapinda, mkono ukalegea, na mtaa mzima ukajua. Kwa kila kiharusi cha namna hiyo kuna vingine kadhaa vya kimyakimya, ambavyo hakuna aliyevisikia, hata mwenye kichwa mwenyewe. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliwapiga wazee picha za MRI wakawafuatilia. Mwaka 2003 walieleza kuwa waliokuwa na viharusi vya kimya walikuwa na hatari ya kupata demensia inayozidi mara mbili ya ile ya wenzao. Viharusi vinavyoonekana navyo vina deni lake: takriban mtu mmoja kati ya kumi hupata demensia baada ya kiharusi cha kwanza, na kikirudi cha pili hesabu hupanda kupita theluthi moja. Hospitali zetu huhesabu waliofariki na waliopooza. Aliyetembea mwenyewe kutoka wodini lakini hawezi tena kusimamia duka lake haingii katika hesabu yoyote.

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hulikosa, na si kwa uzembe. Tumezoea kwamba akili ikidhoofika ishara yake ni kusahau: bibi anawaita wajukuu kwa majina ya shangazi zao, au anauliza jambo lilelile mara tatu kabla chai haijapoa. Hiyo ni sura ya ugonjwa wa Alzheimer. Ugonjwa wa mishipa midogo mara nyingi huja na sura nyingine. Kumbukumbu inaweza kubaki nzuri kwa muda. Kinachoondoka kwanza ni kasi na mpangilio. Mama aliyekuwa akipika pilau ya watu hamsini huku akitoa amri kwa wasichana wanne sasa anasimama mbele ya sufuria akiwa na bizari mkononi, na hajui kinachofuata ni kipi. Baba aliyekuwa akizijua hesabu za ushirika wa kahawa kwa kichwa anazirudia mara mbili, anachoka, anasema mtafanya wenyewe. Hatua zake zinakuwa fupi, miguu inaburuta, kugeuka kunamchukua muda. Haendi tena kwenye vikao vya ukoo. Anakaa. Anapoulizwa jambo, jibu linakuja sahihi, ila limechelewa, na kwa kuwa nyumba imejaa watu wenye haraka, mtu mwingine ameshajibu badala yake.

Wanawe husema mzee amekuwa mvivu, au amesusa, au tangu afiwe na mkewe hataki watu. Mara nyingine wamepatia, kwa maana huzuni nayo hufanana na hali hii na hutibika. Lakini tabia iliyobadilika polepole katika mtu mwenye presha ya miaka mingi inastahili kutazamwa kama dalili kabla haijahukumiwa kama tabia.

Kuna mahali hukumu hiyo imeua. Katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wamekuwa wakituhumiwa uchawi na kuuawa, mara kadhaa na ndugu zao wenyewe, hata ikabidi kiwepo kituo cha kuwahifadhi huko Kaya Godoma, Ganze. Upande wa Tanzania, mikoa ya Usukumani ina historia ndefu ya vikongwe kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Chanzo kikubwa cha mauaji haya ni mashamba, urithi na chuki; si haki kuyageuza yote kuwa habari ya kitabibu. Hata hivyo, mzee anayekutwa usiku uani kwa jirani bila kujua amefikaje, au anayezungumza na watu wasioonekana, ameshampa mwenye nia mbaya ushahidi anaoutafuta. Maelezo ya mgonjwa wa demensia na maelezo ya mchawi, kama yanavyosimuliwa vijijini, yanakaribiana kwa namna ya kutisha.

Swali la kitaalamu ni hili: je, mishipa ni chanzo au ni msindikizaji tu? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka kwa watawa. David Snowdon, mtafiti wa Marekani, aliwaomba masista wa shirika la School Sisters of Notre Dame wapimwe akili kila mwaka, na wakifa watoe ubongo wao kwa sayansi. Maisha yao yalikuwa yamefanana: chakula kimoja, kazi ya ualimu, hakuna sigara. Mwaka 1997 alieleza habari za masista 61 ambao ubongo wao, ulipokatwa na kutazamwa, ulikuwa na alama kamili za Alzheimer. Wapo kati yao ambao hadi kufa walikuwa timamu vya kutosha wasihesabiwe wagonjwa. Baadhi ya waliokuwa na demensia walikuwa wamebeba kitu kingine cha ziada: matundu ya viharusi vidogo ndani kabisa ya ubongo. Waliokuwa na matundu hayo, hata moja au mawili, karibu wote walikuwa wamepoteza akili. Wasiokuwa nayo, kama nusu yao.

Maana yake ni kwamba ubongo wa mtu wa miaka 85 mara chache huwa na ugonjwa mmoja. Una kidogo cha hiki na kidogo cha kile, na mtu huanguka pale jumla inapozidi nguvu zake. Dawa za kuondoa amiloidi, protini inayorundikana katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, zilizoanza kuidhinishwa Marekani miaka ya karibuni, zina bei ya kutisha, kwa kawaida hutolewa kwa dripu, na zinahitaji picha za MRI za mara kwa mara ili kuona kama ubongo umevimba au unavuja damu. Sizibezi. Lakini kwa mkazi wa Masama, wilayani Hai, au Mariakani, kaunti ya Kilifi, leo, sehemu ya jumla hiyo inayoweza kupunguzwa ni ile ya mishipa.

Madaktari wenyewe walichelewa kulikubali hili. Mwezi Machi 1944 daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima Rais Franklin Roosevelt wa Marekani akakuta presha ya 186 kwa 108. Daktari mkuu wa rais aliendelea kuuambia umma kuwa afya yake ni njema kwa mtu wa umri wake. Tarehe 12 Aprili 1945 Roosevelt alifariki kwa damu kuvuja ubongoni, akiwa na miaka 63. “Kwa mtu wa umri wake” ndiyo kauli iliyofunika ugonjwa huu kwa vizazi, na ingali ikisikika katika zahanati zetu mama wa miaka 60 anapopimwa akakutwa na 170 na kuambiwa apunguze mawazo. Ilikuwa hadi mwaka 1967 ndipo jaribio la hospitali za maveterani wa Marekani, likiongozwa na Edward Freis, lilipothibitisha kuwa kuishusha presha kali kwa vidonge kunazuia viharusi na vifo.

Kilichofuata katika nchi hizo ni habari ya kushuka ambayo haitangazwi sana. Mji wa Framingham, jimboni Massachusetts, umekuwa ukifuatiliwa na watafiti wa moyo tangu 1948. Walipohesabu wagonjwa wapya wa demensia, waliona kuwa kiwango kilipungua kwa takriban asilimia 20 kila muongo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na sehemu ya mishipa ndiyo iliyopungua zaidi. Kuna sharti moja ndani ya matokeo hayo lisilopaswa kurukwa: nafuu hiyo ilionekana kwa waliomaliza sekondari tu. Hakuna aliyegundua dawa ya demensia katika miaka hiyo. Watu waliacha sigara, wakapimwa presha, wakameza vidonge, na vizazi vilivyofuata vilikuwa vimesoma zaidi.

Sisi tunaelekea upande wa pili. Utafiti wa viharusi uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kurekebisha umri, viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Tofauti hiyo ya karibu mara tatu kati ya mlima na jiji inatisha kwa sababu moja: watu wanahama kwenda jijini. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa ulikuta kama mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha. Mtu aliyekuwa na miaka 45 katika uchunguzi huo, na ambaye hajawahi kupimwa tena, atakuwa na miaka 70 mwaka 2037.

Je, kuishusha presha kunaokoa akili, au moyo tu? Matokeo ni mazuri, ila ya wastani, na anayeahidi zaidi ya hapo anauza kitu. Mwaka 1998 jaribio la Syst-Eur la Ulaya lilionyesha demensia ikipungua kwa nusu kwa wazee waliotibiwa, lakini wagonjwa waliohesabiwa walikuwa wachache. Mwaka 2019 ilichapishwa sehemu ya akili ya jaribio la SPRINT la Marekani, lenye washiriki 9,361. Walioshushwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 walipata upungufu mdogo wa akili, ile hatua ya kabla ya demensia, kwa asilimia 19 chini ya wale walioishia chini ya 140. Kwa demensia yenyewe tofauti ilikuwepo lakini haikutosha kuthibitishwa, kwani tiba ilisimamishwa mapema baada ya faida kwa moyo kuonekana wazi. Jaribio hilo halikuwachukua wenye kisukari wala waliowahi kupata kiharusi, yaani wagonjwa waliojaa kwenye mabenchi yetu.

Jaribio linaloihusu Afrika Mashariki zaidi lilifanyika vijijini China na matokeo yake ya demensia yakachapishwa 2025. Vijiji 326, watu karibu 34,000 wenye presha, miaka minne. Nusu ya vijiji vilipewa huduma ya kawaida. Katika nusu nyingine, tabibu wa kijiji asiye na shahada ya udaktari alipewa utaratibu ulioandikwa hatua kwa hatua, dawa za bure au za bei nafuu, usimamizi wa daktari, na ruhusa ya kuanzisha dawa na kupandisha dozi hadi presha ishuke chini ya 130 kwa 80. Demensia ilipungua kwa asilimia 15. Hakukuwa na mashine ya MRI wala kidonge kipya katika kazi ile.

Asilimia 15 si muujiza. Sita kati ya saba wa wale ambao wangeugua bado wangeugua. Na kuna wazee wa kuhurumiwa: aliyepita miaka 80, mdhaifu, anayesikia kizunguzungu akisimama, akishushwa kwa pupa ataanguka na kuvunjika nyonga, na nyonga iliyovunjika humaliza mzee upesi kuliko presha. Mtu wa namna hiyo apimwe akiwa amekaa na akiwa amesimama kabla ya kuongezewa chochote. Faida kubwa iko kwa wenye miaka 40 hadi 65, ambao hawaumwi popote na hivyo hawaji hospitali. Mwanamke wa umri huo angalau amewahi kufungwa ule mkanda mkononi akiwa mjamzito. Mwanamume anaweza kufika miaka 55 bila kupimwa hata mara moja, na siku ya kwanza kupimwa ikawa siku ya kiharusi.

Mtu akishapimwa, hapo ndipo panapovuja. Anaandikiwa vidonge vya mwezi mmoja, vinakwisha, kichwa hakiumi, anaona amepona. Au amerudi zahanati akaambiwa dawa zimekwisha, akanunue duka la dawa. Au anameza siku anayojisikia vibaya tu, kwa kuwa hakuna aliyekaa naye dakika tano kumweleza kuwa presha haina kujisikia. Mwingine amehamia maji ya kitunguu saumu. Sera ya Tanzania inatambua mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo kuwa na haki ya matibabu bila malipo. Msamaha huo unamfikia mtu baada ya miaka ishirini ambayo mishipa yake ilikuwa ikihitaji dawa.

Vyombo vya kuziba uvujaji huo vimeanza kuonekana. Septemba 2023 Kenya ilizindua jeshi la wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari. Tanzania nayo, Januari 2024, ilizindua mpango wa kuwaunganisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Presha sasa inaweza kupimwa sebuleni. Lakini mhudumu anayekuta 160 Hai au Ganze anaandika rufaa, na rufaa ni nauli, siku ya kazi iliyopotea, foleni, na rafu ya dawa ambayo huenda ni tupu. Tabibu wa kijiji cha China aliyekuta 160 alipandisha dozi papo hapo na kumtembelea mgonjwa tena. Vidonge alivyotumia ni vya kawaida na vingi vyake viko kwenye orodha zetu za dawa muhimu. Kilichobaki ni uamuzi wa wizara mbili, Dodoma na Nairobi, kuhusu nani aruhusiwe kumwandikia mtu mwenye presha, kwa utaratibu gani, chini ya uangalizi wa nani, na kuhakikisha vidonge vya miezi mitatu vinakuwepo siku ambayo mgonjwa anavifuata.